Sehemu ya 7: Injini ikishushwa uani, mama uwe wapi?



Leo nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimeamka nikakuta ujumbe inboksi. Dada mmoja anauliza: "Nesi, mume wangu amepata gari la zamani la marehemu baba yake. Anataka kushusha injini hapa hapa nyumbani, yeye na rafiki zake. Nina mtoto wa miaka miwili. Nimkatalie?"

Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali limenikaa moyoni, kwa sababu mimi mwenyewe nimelipitia. Nikasema hili liwe somo la leo. Ni refu, andaa chai, soma mpaka mwisho.

Jibu langu kwanza, nisikuzungushe: usimkatalie. Lakini pia usiseme "haya, sawa" halafu ukaingia zako jikoni ukidhani hayo ni mambo ya wanaume. Mtoto akiumia pale uani, atakayembeba mgongoni mpaka hospitali ni wewe. Basi na kauli uwe nayo wewe pia, tangu siku ya kwanza.

Sasa nikupe habari ya gari letu.

Baba mkwe alikuwa mwalimu. Alituachia Mini, ile gari ndogo ya Kiingereza. Wenye umri kidogo mnaikumbuka. Ilianza kuuzwa mwaka 1959, aliyeibuni anaitwa Alec Issigonis, na waliendelea kuitengeneza mpaka mwaka 2000. Magurudumu yake ni madogo kama ya kuchezea, lakini ndani wanaenea watu wanne na mzigo wa ndizi. Yetu ilikaa chini ya mwembe miaka mingi, huku kuku wakitagia kwenye siti ya nyuma. Baba watoto akasema lazima itembee tena kwa heshima ya mzee.

Mimi sio fundi, ila ukikaa na mafundi wiki tatu uani kwako unajifunza. Mini injini yake imelala kwa upande, na giaboksi iko chini yake hapo hapo, vinatumia oili moja. Vyote viwili vimekalia fremu ndogo ya chuma ya mbele. Fremu hiyo hiyo ndiyo imebeba magurudumu ya mbele, na imefungwa kwenye bodi kwa bolti. Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuivuta injini juu kupitia kwenye boneti. Ya pili ni kufungua kila kitu kinachoiunganisha fremu na bodi, halafu unainua bodi juu, na fremu inabaki chini na injini yake na magurudumu yake, unaisukuma nje kama toroli. Ni kama kumvua mtoto shati kwa kulipandisha kichwani.

Fremu yetu ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo ilibidi njia ya pili. Na mambo ya kufungua ni mengi, mama. Betri kwanza, ambayo kwenye Mini iko nyuma kwenye buti. Maji ya rejeta. Mpira wa petroli. Kabureta na nyaya zake. Mabomba ya breki na ya klachi. Ekzosi. Mkono wa gia. Ncha za usukani kwenye magurudumu. Shokapu. Mipira ya hita. Waya wa spidi. Kila kimoja kikifunguliwa kinamwaga kitu, au kinaacha bolti, au vyote viwili.

Na hapo ndipo habari yetu ilipoanzia.

Ilikuwa Jumamosi. Baba watoto ananiita kutoka uani, "Mama watoto, hebu tupatie kichupa tukingie hii petroli." Mimi nikatoa chupa ya soda ya plastiki jikoni, ile ya lita moja na nusu, nikampa. Naomba usiruke mstari huu. Chupa ile niliitoa mimi. Mimi nesi, mwenye stashahada ya uuguzi, mimi ninayewaandikia hapa kila wiki msiweke mafuta ya taa kwenye chupa za kunywea. Nilikuwa na haraka, wali ulikuwa unaungua.

Wakakinga petroli, wakaiweka chini ya mwembe kivulini. Jua kali. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka mitatu, ametoka kucheza, ana kiu. Ameona chupa ya soda.

Nilisikia kikohozi. Akina mama mnajua, kuna kikohozi cha mafua na kuna kikohozi kingine. Nilitoka mbio. Chupa iko chini, shati lake limelowa, mdomo unanuka petroli, anakohoa na machozi yanamtoka. Mama mkwe alikuwa ameshafika kabla yangu. Ameshamshika, ameshamwinamisha, kidole kinaelekea kooni ili atapike, na anamwita binti yangu mkubwa alete maziwa.

Nilimshika mama mkono. Sijawahi kumshika mama mkono kwa nguvu vile, na Mungu anajua namheshimu. Nilisema, "Mama, nisamehe, asitapike. Tafadhali mama, asitapike." Akanitazama kama ananishangaa. Nikamvua mtoto shati lile, nikamfuta mdomo na ngozi, nikambeba amekaa wima, tukapanda bodaboda.

Kwa nini asitapike? Sikiliza vizuri, hata kama hutakumbuka kitu kingine leo. Petroli na mafuta ya taa hatari yake kubwa kwa mtoto haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Ni majimaji mepesi sana, yanateleza. Akimeza yakafika tumboni, mara nyingi yanapita. Ukimtapisha, yanapanda tena juu, na safari hii yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Yakiingia kwenye mapafu yanayaunguza, mtoto anapata nimonia ya kemikali. Maziwa nayo hayasaidii, yanajaza tumbo na kumletea kutapika. Na usidanganyike akinyamaza kukohoa. Anaweza kuonekana mzima sasa hivi, halafu baada ya saa kadhaa anaanza kuhema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Kwa hiyo ni hospitali moja kwa moja, na chupa aliyonywea uibebe ili wajue ni nini.

Wetu alilazwa usiku ule mmoja. Wakasikiliza kifua, wakapima oksijeni kidoleni, wakampiga picha. Asubuhi alikuwa anadai maandazi. Tulimshukuru Mungu. Nimewahi kuhudumia watoto ambao wazazi wao hawakupata asubuhi ya namna ile, ndiyo maana naandika.

Tuliporudi nyumbani baba watoto alikuwa amekaa kwenye ndoo karibu na lile gari, macho mekundu. Akasema, "Naliuza. Likiwa chuma chakavu, liende."

Hapa sasa ndio maoni yangu ya leo yalipo, na najua wengine hamtakubaliana na mimi. Nilimwambia, hapana. Tumalize.

Najua mnachotaka kuandika kwenye komenti. "Nesi, mtoto nusura afe bado unataka gari?" Ngojeni niwaambie. Kwanza, petroli haikuingia kwenye ile chupa kwa sababu kuna gari. Iliingia kwa sababu nilitoa chupa. Kesho ingekuwa ni dawa ya kuua wadudu, keshokutwa ni mafuta ya jenereta. Tungeuza gari, na tabia ingebaki ndani ya nyumba.

Pili, na hili naomba mlitafakari: gari lililofunguliwa nusu ni hatari kuliko gari linalofunguliwa. Linapofunguliwa wapo watu wazima wanaangalia. Likiachwa nusu, wanaondoka, linabaki. Pita mitaani kwetu uone. Bodi imekaa juu ya matofali mwaka wa tatu, watoto wanajificha chini yake wakicheza kombolela. Injini imeegemezwa ukutani. Betri imepasuka, tindikali inavuja. Tairi zimejaa maji ya mvua, mbu wanazaliana. Wengi wanaokata tamaa katikati hawaliuzi, wanalisahau. Kwa hiyo ukiwa mama, usiombe kazi isimame. Omba kazi iishe, na iishe salama.

"Si wangepeleka gereji?" Wenye uwezo wapeleke. Sisi hatukuwa nao, na gereji za mtaani kwetu ziko katikati ya nyumba za watu, nazo zina watoto wanaopita. Hatari ile ile tungewahamishia wengine.

Basi tukakaa chini, mimi, baba watoto, mama mkwe na wale rafiki zake wawili. Nikawaambia, kuanzia leo huu uani ni kama chumba cha upasuaji. Walicheka, ila walikubali. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na wewe unaweza kuyachukua.

1. Hakuna kimiminika kwenye chupa ya kunywea. Hakuna, hata kwa dakika mbili. Petroli ndani ya dumu lake la petroli lenye mfuniko, mbali na jiko la mkaa na sigara. Oili chafu kwenye dumu lake. Na maji ya rejeta muwe nayo makini sana, kwa sababu kama yamechanganywa na kulanti yana ladha tamu. Mtoto haitemi. Mwanzoni anaweza kuonekana kama mlevi, analala lala, baadaye figo zinaharibika. Kuna tiba hospitali lakini inataka uwahi. Kuku, mbuzi na paka nao wanakunywa, kwa hiyo usimwage uani.

2. Hakuna mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kupandishia, sio ya kushikilia. Na matofali sio stendi. Tofali linapasuka bila kukuaga. Wale walikuwa wameshapanga matofali manne manne. Niliwaambia, mimi ndiye nitakayekuja kupokea mguu uliosagika, basi nisikilizeni. Baba watoto akaazima stendi za chuma nne. Magurudumu ya nyuma yakawekewa magogo mbele na nyuma, na handibreki ikavutwa, maana kwenye Mini inakamata ya nyuma. Kabla mtu hajaingia chini, wanalisukuma gari kwa mikono kuona kama linatikisika.

3. Hatutundiki kitu kwenye mwembe. Wao walitaka kufunga cheni bloku kwenye tawi. Mwembe ni mti mzuri kwa kivuli na maembe. Injini na giaboksi ya Mini vinapita kilo 100, na ukiongeza fremu na magurudumu ni zaidi. Tawi linaonekana nene, ndani limeliwa na mchwa. Wakaazima mabomba matatu ya chuma yaliyofungwa juu pamoja kama mafiga yaliyosimama, na cheni bloku ikaning'inia katikati.

4. Mstari. Tulichora mstari kwa chokaa kuzunguka eneo la kazi. Mtoto hapiti. Na sio kusema tu "usipite", mtoto wa miaka mitatu hajui mstari. Siku ya kuinua bodi watoto wote wadogo walikwenda kwa shangazi yao. Wote. Kama huna shangazi karibu, jirani, na wewe umlipe fadhila siku nyingine.

5. Nguo na vumbi la breki. Hili akina mama wengi hatulijui. Breki na klachi za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu linakaa humo, na madhara yanakuja baada ya miaka mingi, pamoja na saratani. Kwa hiyo hakuna kupuliza vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, na hakuna kufagia likiwa kavu. Lilowesheni, lifutwe na kitambaa kibichi, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kifungwe. Ovaroli zivuliwe uani. Usizikung'ute, na usizifue beseni moja na nepi za mtoto. Na baba asimbebe mtoto kabla ya kuoga.

6. Giza likiingia, kazi inasimama. Mikono iliyochoka ndiyo inayobanwa.

7. Hesabu. Hapa ndipo nilipowafundisha mimi. Chumba cha upasuaji tunahesabu pamba na vyuma kabla ya kukata, na tunahesabu tena kabla ya kufunga. Isipotimia, hatufungi. Nikampa binti yangu mkubwa, ana miaka kumi, daftari. Kazi yake alikaa nje ya mstari, kwenye kigoda. Kila kinachofunguliwa wanamtajia, anaandika: kimetoka wapi, bolti ngapi, kopo namba ngapi. Aliandika mpaka kurasa kumi na moja. Kwa mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wangu.

Siku ya kuinua, nakiri, ilikuwa raha. Walikuja vijana wa jirani wanne. Cheni ikavutwa polepole, bodi ikapanda, ikaacha fremu chini, juu kiasi cha injini kupita chini ya bampa. Wakaivuta fremu nje kwa magurudumu yake. Stendi zikasukumwa chini ya bodi hapo hapo, cheni haikuachiwa peke yake. Baba watoto akasimama akiangalia lile pengo tupu mbele ya gari la baba yake. Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu angefurahi." Tukanyamaza wote.

Fremu nyingine ilipatikana, ikasafishwa, ikapakwa rangi. Injini ikabadilishwa sili, ikakaa juu yake. Kurudisha ni vile vile kwa kinyume, isipokuwa ni kugumu zaidi, maana matundu ya bolti lazima yalingane. Na mtu anashawishika kuingiza kidole kwenye tundu kupima kama yamelingana. Usiruhusu! Bodi ikishuka nusu sentimita tu, kidole kimekwenda. Tumia bisibisi au kipande cha nondo.

Sasa sikiliza mwisho wake. Jioni ya mwisho kila kitu kimefungwa, jua linazama, wanaume wana hamu ya kusikia mlio. Binti anasema, "Baba, bado hatujahesabu." Wakamwambia, "Tutahesabu kesho, mama." Wakapiga stata. Injini ikazunguka kizembe, haiwaki. Wakapiga tena. Mara harufu ya plastiki inaungua, na waya wa choki unatoa moshi. Baba watoto akakimbia kuchomoa betri.

Binti akafungua daftari, ukurasa wa pili, akasoma: "Waya mnene wa ethi, kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, kopo namba tatu." Haukuwa na alama ya vema. Ulikuwa bado kwenye kopo. Umeme wa stata ulikosa njia yake ya kurudi, ukapita kwenye waya mwembamba wa choki, ukaupasha moto. Na pale karibu kuna kabureta yenye petroli. Mnaelewa tulikuwa tunakaribia nini.

Asubuhi walihesabu ukurasa kwa ukurasa, binti akiweka vema. Wakafunga ethi, wakabadilisha waya wa choki, wakapiga. Ikawaka. Moshi kidogo, kelele nyingi, kuku wakakimbia. Mama mkwe alikaa mbele, wakazunguka mtaa mara tatu.

Basi nirudi kwako dada uliyeniuliza, na kwenu wote.

Usimkatalie mume wako kazi ya mikono yake. Watoto kumwona baba yao anatengeneza kitu kwa subira, anakosea, anarudia, ni malezi pia. Binti yangu leo anajua ethi ni nini, mimi nimeijua ukubwani. Lakini kubalini masharti kabla spana ya kwanza haijashikwa, wakati kila mtu ana akili tulivu. Mwambie mbele ya rafiki zake bila kumvunjia heshima: "Baba fulani, kazi iendelee, ila haya hayavunjwi." Akikataa stendi, akikataa kuhamisha petroli, basi una haki ya kuchukua watoto ukaenda nao kwa bibi yao mpaka atakapokubali. Huo sio ugomvi. Huo ni ulinzi.

Na mambo ya kushika ikitokea la kutokea:

Akimeza petroli, oili au kulanti: usimtapishe, usimpe maziwa, beba chombo, nenda hospitali hata kama anaonekana mzima.

Akirukiwa na maji ya moto ya rejeta: maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Sio dawa ya meno, sio yai, sio asali. Na rejeta haifunguliwi injini ikiwa ya moto.

Tindikali ya betri ikiingia jichoni: osha kwa maji mengi yanayotiririka, jicho likiwa wazi, dakika 20, halafu hospitali.

Kidole kikisagwa: kitambaa safi, bana, inua mkono juu, nenda. Pete ivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba.

La mwisho ni langu mimi. Baada ya yote yale nilikwenda chumbani kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa kumshika mkono vile. Akasema, "Mwanangu, ungeniambia mapema. Sisi tulifundishwa maziwa." Maneno yale yaliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nafundisha watu hospitali kila siku, na bibi anayeshinda na mwanangu nyumbani nilikuwa sijawahi kumwambia.

Kwa hiyo usiku huu kabla hujalala, fanya mawili tu. Pita jikoni na uani, angalia kila chupa ya maji na ya soda, unuse kilichomo. Halafu mwambie bibi, mwambie dada wa kazi, mwambie shangazi: akimeza petroli au mafuta ya taa, asitapishwe, asipewe maziwa.

Sehemu ya 8 nitazungumzia homa za usiku kwa watoto chini ya mwaka mmoja, mmeniomba wengi.

Niandikieni kwenye komenti: kwenu ile chupa iko wapi sasa hivi? Usiku mwema.